Injini Huvumiliwa, Kijana Je?



Huenda wengine wenu mtashangaa kuona gazeti la parishi likizungumza habari za mashindano ya magari. Hapa Kigoma na Ujiji hatuna uwanja wa mashindano hayo, na vyombo tunavyovijua zaidi ni mitumbwi na boti za dagaa. Lakini vijana wetu huyafuata katika televisheni za vibandani na katika simu zao, nao hubishana juu yake hata njiani watokapo ibadani. Katika ubishi wao limo swali ambalo sisi wazee tumelikwepa kwa muda mrefu. Chombo kibovu kikipewa mtu ambaye bado anajifunza, na kazi ikaharibika, ni haki kumhukumu nani? Na kabla hatujamwambia mtu huyo aende zake, anatudai nini?

Tuanze karibu na nyumbani. Mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki yalianzishwa mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Miaka ile magari yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na baadaye mashindano yakahamishiwa majira ya Pasaka, wakati wa mvua. (Sisi tungalipenda yafanyike siku nyingine, lakini hatukuulizwa.) Barabara zilikuwa vumbi asubuhi na tope jioni. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakafika mwisho 7 tu. Ndio mwaka Wajapani wa kampuni ya Nissan walipoleta Datsun zao kwa mara ya kwanza, na hakuna hata moja lililokuwa miongoni mwa yale saba.

Kampuni ile ingaliweza kusema kwamba gari lake halifai kwa Afrika, nasi tungaliona ni neno la busara. Haikusema hivyo. Ilirudi tena na tena. Mwaka 1966 Datsun ilishinda katika daraja la magari ya ukubwa wake, na mwaka 1970 Edgar Herrmann, aliyekuwa akiishi Kenya, pamoja na mwenzake Hans Schüller, wakashinda mashindano yote kwa Datsun 1600 SSS. Tangu 1963 hadi 1970 ni miaka saba, kama ile Yakobo aliyomtumikia Labani kwa ajili ya Raheli.

Tena Nissan haikulea gari peke yake. Alikuwako kijana mmoja mzaliwa wa Uganda, Shekhar Mehta, ambaye mwaka 1971 aliendesha Datsun 240Z akawa wa pili. Mwaka uliofuata Idi Amin aliwafukuza Waasia Uganda, na Mehta akahamia Kenya. Mwaka 1973, akiwa na umri wa miaka 27, alilingana pointi na Harry Källström wa Sweden, aliyekuwa pia katika Datsun. Mehta akapewa ushindi kwa sababu ndiye aliyekwenda mbali zaidi bila kupata adhabu. Kisha akashinda 1979, 1980, 1981 na 1982 mfululizo, kwa magari ya nyumba ile ile. Hapo gari na mtu walikua pamoja, na watu wa karakana waliwajua wote wawili.

Sasa tuondoke Afrika kidogo, maana kisa tunachotaka kukipima hasa ni cha Ulaya, nacho ndicho vijana wanachobishania. Katika mashindano ya Formula 1 kuna timu ya Waingereza iitwayo McLaren. Mwaka 1988 timu hiyo, ikitumia injini za Honda za Japani, ilishinda mashindano 15 kati ya 16. Basi mwaka 2015 wawili hao walipoungana tena, watu walitazamia makubwa. Lakini injini zilikuwa zimebadilika. Tangu 2014 sheria ilitaka injini ndogo ya lita 1.6 yenye silinda sita na tabo, iliyounganishwa na mitambo ya umeme inayookoa nguvu zinazopotea katika breki na katika moshi. Honda aliingia mwaka mmoja nyuma ya wenzake, na kila alipojaribu kuwafikia alivunja kitu. Mwaka 2015 timu ilikuwa ya tisa kati ya kumi, na mwaka 2017 ikawa ya tisa tena.

Katika mwaka huo wa 2017 ndipo kijana Mbelgiji, Stoffel Vandoorne, alipopewa kiti chake cha kwanza cha mwaka mzima. Mwaka uliotangulia alikuwa ameitwa ghafula kule Bahrain kumshikia nafasi Fernando Alonso aliyeumia, naye akawa wa kumi na kuipatia timu pointi yake ya kwanza ya mwaka. Kwa hiyo hakuwa kijana wa kuokotwa njiani. Lakini aliporudi Bahrain akiwa dereva kamili, injini ilimfia kabla ya kuanza, na hakushindana kabisa siku hiyo. Baadaye mwaka huo huo, nyumbani kwao Ubelgiji, sheria ikamtandika. Anayebadili sehemu za injini kupita idadi iliyoruhusiwa kwa mwaka hurudishwa nyuma katika mstari wa kuanzia, na Vandoorne alirudishwa nafasi 65. Mstari wenyewe ulikuwa na magari 20. Sisi tuliofundisha hesabu miaka mingi tumecheka kwa adhabu hiyo, kisha tukaona kwamba si ya kuchekesha. Injini ilitengenezwa na wengine, sheria ilitungwa na wengine, na aliyekwenda kusimama nyuma mbele ya watu wa kwao ni yeye.

Yafaa tuangalie mafundi walifanya nini na ile injini. Mwanzoni mwa 2017 walikuwa na shida ya tangi la mafuta ya kulainisha. Juu ya meza ya majaribio injini ilikuwa imetulia na mafuta yakatiririka vema. Ilipotiwa garini na gari likakata kona na kufunga breki kwa nguvu, mafuta yalikwenda upande mmoja na injini ikakosa ya kunywa. Hakuna aliyeitukana injini, wala aliyesema ina moyo mbaya au wazazi wake walikuwa hivyo hivyo. Waliifungua, wakatazama, wakachora tangi jingine. Mwezi wa Septemba McLaren waliachana na Honda, lakini timu ndogo ya Waitalia iitwayo Toro Rosso ikampokea. Mwaka 2018 dereva wao Pierre Gasly, naye akiwa katika mwaka wake wa kwanza kamili, akawa wa nne Bahrain. Mwaka 2019 injini ya Honda ilishinda Austria katika gari la Red Bull, na mwaka 2021 Max Verstappen akawa bingwa wa dunia kwa injini hiyo.

Na yule kijana? Mwaka 2018 McLaren walitia injini ya Renault ya Ufaransa, na hapo hakuwa tena na Honda wa kumsingizia. Alipata pointi 12, na Alonso akapata 50. Katika mbio za kupanga nafasi za kuanzia, Alonso alikuwa mbele yake mara zote 21. Mwisho wa mwaka alitoka, na kiti chake kikapewa Lando Norris. Wapo vijana wetu wanaosema: unaona? Tatizo halikuwa injini, tatizo lilikuwa yeye.

Hatuwezi kulipuuza neno hilo, maana tarakimu ni tarakimu. Lakini tunauliza, mwaka wa kwanza alifundishwa nini? Mtu anayejifunza hujifunza kwa kufanya, na siku ambayo chombo kinamfia kabla ya kuanza hajifunzi kitu ila woga. Na siku za kufanya mazoezi nje ya mashindano zimepunguzwa sana na sheria za mchezo huo. Injini iliyoshindwa ilirudishwa karakanani ikakaa na mafundi mchana na usiku. Kijana aliyeshindwa hakuwa na karakana ya kurudia. Alirudishwa mstarini wiki mbili baadaye, akiwa vile vile, watu wakimtazama.

Hapa Kigoma tunajua habari ya uvumilivu kwa mashine kuliko watu wengi. Ile meli yetu ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi hapa, ikaunganishwa upya. Wakati huo iliitwa Graf von Götzen. Mwezi wa Julai 1916 Wajerumani walipoona hawana budi kuondoka Kigoma, waliizamisha wenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi wale wale waliokuja nayo kutoka Papenburg waliipaka mashine yake grisi nyingi, kila mahali, ili maji yasiile. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina tunalolijua. Ilikaa majini karibu miaka minane, na mashine ikawaka! Katika miaka ya 1970 ndipo ikatolewa mashine ya mvuke na kutiwa ya dizeli.

Tunapenda kuwafikiria wale mafundi. Walikuwa wameshindwa vita, na saa zao zilikuwa chache, lakini walitumia saa hizo kuitunza mashine ambayo pengine wasingeiona tena. Uvumilivu wao ulikuwa wa kuinama na kupaka grisi. Ndiyo sababu twasema kwamba kumvumilia mtu si kumwacha tu akae mpaka tuchoke naye. Wengi wetu hudhani tumemvumilia mtu kwa kuwa tumenyamaza miaka miwili huku tukihesabu makosa yake moyoni.

Wapo watakaotujibu kwa jina la Joginder Singh. Huyu, mzaliwa wa Kericho, alishinda Safari ya 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant katika Volvo kuukuu iliyokwisha kutumiwa na wengine. Tazameni, watasema, dereva hodari hashindwi na chombo. Nasi twawajibu kwamba Joginder alikulia katika gereji ya baba yake, na alipopanda gari lile kuukuu alikuwa akilifahamu mpaka misumari yake, tena alikuwa amekwisha kushiriki Safari miaka kadhaa. Chombo kikuukuu mpe mzee aliyezoea. Yuko kijana mwingine, Juha Kankkunen wa Ufini, aliyeshinda Safari ya 1985 mara ya kwanza kabisa kuja, akiwa na miaka 26. Lakini alikuja katika Toyota ambayo Björn Waldegård alikwisha kushinda nayo mwaka mmoja kabla, na Waldegård mwenyewe alikuwako mwaka huo, akamaliza wa pili. Mgeni alipewa chombo kilichokwisha kupimwa, na mzee wa njia alikuwa karibu. Ajabu ni kwamba katika kazi zetu sisi hufanya kinyume. Chombo kizuri hushikwa na mzoefu, na kile kibovu, ambacho hata mzoefu angekiogopa, hupewa anayeanza, kwa kuwa hana sauti ya kukataa.

Mwenye boti ya dagaa mara nyingi hufanya hivyo hapa ufukweni. Injini mpya hupewa nahodha wa siku nyingi. Ile iliyochoka hupewa kijana, na huambiwa apunguze oili katika petroli ili kuokoa fedha. Usiku wa tatu pistoni inakwama katikati ya ziwa, boti inapeperushwa hadi alfajiri, na kesho yake kijana hana kazi, tena anadaiwa. Hatujaona mwenye boti akijidai mwenyewe.

Lakini tusiwasute wenye boti huku sisi tuko salama kanisani. Sababu hasa ya kuandika haya ni mashauri yanayoendelea kati yetu juu ya mwinjilisti kijana wa mtaa mmoja wa ufukweni, ambao hatutautaja. Wazee kadhaa wa kanisa wanataka aondolewe, na halmashauri itakaa kulizungumza. Neno lao ni kwamba sadaka imeshuka na watu wamepungua tangu aje. Hilo ni kweli, tumeviona vitabu. Lakini turudi nyuma tutazame alikabidhiwa nini. Alikabidhiwa kanisa lenye bati lililotoboka upande wa madhabahu, deni la saruji, na kwaya mbili zisizosemezana. Maji ya ziwa yalikuwa yamepanda miaka ya karibuni na kuzihamisha nyumba za chini, na waliohama hawasali tena pale. Kisha mwaka 2024 Serikali ilifunga uvuvi katika ziwa kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Mtaa ule unaishi kwa dagaa. Mtu asiyeingiza nyavu majini atatoa sadaka ya nini? Yule mwinjilisti alirudishwa nafasi 65, wapendwa, na sisi tunamwuliza kwa nini hakushinda.

Hatusemi kwamba hana kosa. Tumeambiwa mahubiri yake ni marefu na hayana mpango, nasi tulipomsikia tuliona ni kweli. Tumeambiwa hajui kuandika hesabu, na hilo pia ni kweli. Lakini ni nani aliyekaa naye? Sisi tuliosomea ualimu twakumbuka mazoezi ya kufundisha. Mkufunzi aliketi nyuma ya darasa, akaandika, na somo likiisha alitoka nawe chini ya mti akakuambia: hapa uligeuka ubaoni mno, pale watoto walikupotea. Iliuma, lakini kesho yake ulijua pa kushika. Tangu mwinjilisti huyu atumwe, hakuna mzee aliyemwita chini ya mti. Wamezungumza habari zake sana, wala si naye.

Tena hatusemi kwamba kila mtu avumiliwe katika kila kazi na kwa muda wowote. Mlevi asipewe usukani wa boti yenye abiria ili ajifunze, maana abiria nao ni watoto wa Mungu. Aliyekula fedha za wajane hana haki ya kudai mwaka mwingine. Na yuko mtu ambaye amesaidiwa, amefundishwa, amepewa chombo kizuri, na bado ni dhahiri kwamba kazi hii siyo yake. Huyo kumwambia ukweli ni upendo, na afadhali aambiwe mapema. Hata yule mtunza shamba katika mfano wa mtini hakuomba miaka isiyo na mwisho. Aliomba mmoja, na katika mwaka huo aliahidi kupalilia na kutia samadi. Tunachokataa ni kuukata mti ambao hakuna aliyeupalilia, kisha kuuita mbaya.

Basi ombi letu kwa halmashauri ni dogo. Kabla ya kupiga kura, bati lizibwe. Deni la saruji lichukuliwe na parishi, maana si yeye aliyelikopa. Mweka hazina mmoja mstaafu, nao wapo wengi kati yetu wanaokaa barazani tu, aende kila Jumamosi kumfundisha vitabu. Padre amsikilize akihubiri na kuzungumza naye baadaye. Mwaka ukiisha, ndipo tupime. Kama itaonekana kwamba hawezi, sisi wenyewe tutakuwa wa kwanza kusema, na tutamsaidia kutafuta kazi inayomfaa. Vandoorne naye, baada ya kutolewa Formula 1, alikwenda katika mashindano ya magari ya umeme, na mwaka 2022 akawa bingwa wa dunia huko akiwa na Mercedes.

Kanisa lilikwisha kukutana na jambo hili mapema sana. Yohana Marko alifuatana na Paulo na Barnaba katika safari ya kwanza, lakini walipofika Perge ya Pamfilia aliwaacha akarudi Yerusalemu. Luka hatuambii sababu. Huenda alikuwa mgonjwa, huenda aliogopa milima, huenda alimkumbuka mamaye. Walipotaka kusafiri tena, Barnaba alitaka kumchukua na Paulo akakataa. Paulo hakuwa mtu mwovu kwa kukataa. Safari ilikuwa ya hatari, na mtu anayekimbia katikati huwaponza wenzake. Hata hivyo walishindana vikali wakaachana. Paulo akamchukua Sila, na Barnaba akamchukua yule kijana wakapanda merikebu kwenda Kipro. Juu ya miaka ya Kipro Maandiko hayasemi kitu. Hatujui Barnaba alimfundisha nini, wala alimwambia nini walipokuwa wawili tu.

Tunachojua ni kwamba miaka mingi baadaye, Paulo akiwa mzee kifungoni na karibu wote wamemwacha, alimwandikia Timotheo aje upesi, na amlete Marko pamoja naye, kwa kuwa alikuwa akimhitaji katika kazi. Katika barua hiyo hiyo aliomba pia aletewe joho aliloliacha Troa kwa Karpo, na vile vitabu.